Daftari la Mweka Hazina

Mimi ndiye niliyeshika kapu.
Nianze hapo, nisijifiche nyuma ya wingi wa watu.

Jumapili ile ya Julai kanisa letu la Muyeye lilifurika,
wengine wakakalia matofali ya mawe
tuliyonunua kwa ajili ya ukuta ambao bado ni maneno.
Mgeni alishuka garini na viatu visivyojua vumbi letu.
Akauliza: "Mungu wenu si maskini. Mbona ninyi?"
Tukacheka, kicheko cha mtu aliyeguswa kidonda.
Akasema panda. Apandaye elfu atavuna laki,
na siku arobaini hazitapita.
Nami nikapita kati ya mabenchi,
kapu mkononi, kalamu sikioni.

Mbodze wa Kitsao alitoa elfu kumi na mbili.
Bei ile niliijua, mtaa mzima uliijua:
ndiyo bei ya cherehani yake,
iliyoshona sare za nusu ya shule,
iliyokuwa ikisema usiku, ta-ta-ta-ta,
mpaka mimi jirani nikaizoea
kama pumzi ya mtu wa nyumbani.
Nikaandika: M. Kitsao, mbegu, 12,000.
Mwandiko wangu ni mzuri. Tangu shuleni nasifiwa kwa huo.

Siku ya arobaini iliangukia Ijumaa.
Adhana ya alfajiri ikapita juu ya mapaa yetu
na Mbodze alikuwa tayari anafagia.
Alifagia uwanja, akafagia na njia,
baraka isije ikajikwaa.
Hakuja mtu ila mwenye nyumba.

Sijui kama umewahi kusikia cherehani isiyokuwepo.
Mimi niliisikia siku kumi na moja mfululizo.
Ukutani mwa chumba changu yalisimama mabati kumi na nane,
miaka mitatu ya kulinyima tumbo.
Wageni nikiwaonyesha: "Bwana amenitendea."
Nilikuwa nimelala nayatazama yaking'aa gizani
nikakumbuka kwamba Bwana huyu ninayemhesabia pesa
alizikwa kaburi la kuazima.

Niliyauza kwa fundi mmoja wa Barani, kwa hasara.
Nikaenda kwa Mbodze magharibi, bahasha kwapani,
nikasema kanisa limerudisha.
Akanitazama.
"Kanisa lina mkono mmoja tu leo,
na mkono wenyewe unatetemeka."

Akalamba kidole, akahesabu mara mbili,
kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata.
Kisha akachomoa elfu moja na mia mbili,
akaniwekea gotini.
"Fungu la kumi. Andika."

Mbodze, nikasema, hata baada ya yote yale?

"Nilikosea anwani, Fondo. Sikumkosea Mungu.
Siku ile nilitoa kama mchuuzi, jicho langu kwenye faida.
Hii haina siku arobaini. Hii imekwenda."
Akainuka kupuliza moto, watoto walikuwa na njaa.

Cherehani ilirudi Jumatatu, juu ya mkokoteni.
Sijui alimwomba vipi aliyeinunua akubali pungufu.
Mimi sikuuliza. Yeye hakusimulia.

Sasa ni vuli, na makuti yangu yamechoka.
Nimetega sufuria mbili, beseni, na kikombe cha chai
pale kichwani pa kitanda.
Matone yanaanguka, ta, ta,
na ng'ambo ya ukuta, ta-ta-ta-ta,
nashindwa kujua lipi ni la mbinguni
na lipi ni la sare za Januari.

Nimefungua daftari upande wa mapato.
Nimeandika tarehe.
Nimeandika: mvua.
Nimeandika: jirani anashona.
Nimeandika: usingizi, wa usiku mzima, nimeupata.
Sijajumlisha.